Grace Hopper: Mwalimu Aliyeifundisha Mashine Lugha

Grace Hopper hutajwa zaidi katika vitabu vya kompyuta. Sisi walimu nasi tuna haki ya kumdai, kwani kabla ya kuiona mashine hiyo alikuwa amekwisha fundisha hisabati kwa zaidi ya miaka kumi.

Alizaliwa New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na umri wa miaka saba alifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuiunga tena alifungua nyingine, hata zikafika saba, ndipo mama yake akamwachia moja tu ya kuchezea. Mwaka 1934 alipata udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale. Wakati huo alikuwa tayari mwalimu katika chuo cha Vassar, ambako aliwaagiza wanafunzi wa hisabati waandike insha juu ya kanuni moja, kisha akawasahihishia lugha. Wakanung'unika kwamba hawakuja kusoma Kiingereza. Hakulegea. Kwake yeye, hesabu isiyoweza kuelezwa kwa mwingine haikuwa na faida.

Desemba 1943, wakati wa vita, alijiunga na akiba ya Jeshi la Wanamaji, na mwaka uliofuata akapelekwa Harvard kwenye mashine ya Mark I, yenye urefu wa mita 15 hivi. Maagizo yake yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi. Ili kuokoa muda, watumishi walinakili vipande vya maagizo kutoka katika madaftari ya wenzao, na katika kunakili walikosea mno. (Aliyepata kusahihisha madaftari yaliyonakiliwa kutoka ubaoni hatashangaa.) Hopper akaona kwamba kazi hiyo ya kuchosha yafaa ifanywe na mashine yenyewe. Mwaka 1952, akiwa katika kampuni iliyotengeneza UNIVAC, alikamilisha A-0, programu iliyokusanya vipande vilivyohifadhiwa na kuviunga pamoja. Wengi hawakusadiki, waliamini kompyuta hujua kuhesabu tu.

Hatua iliyofuata ndiyo inayotuhusu zaidi. Watu wa biashara hawakuzipenda alama za hisabati, naye hakuona sababu ya kuwalazimisha. Akataka waiagize mashine kwa maneno. Alipoonyesha kwamba maagizo yaleyale yangeweza kuandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani, wakubwa wa kampuni walishtuka kwamba kompyuta ya Kimarekani ielewe lugha za kigeni, ikambidi aahidi kubaki na Kiingereza. Kwa mashine yenyewe, lugha zote tatu zilikuwa sawa! Kazi hiyo ilizaa FLOW-MATIC, nayo ikawa msingi mkubwa wa COBOL, lugha iliyoanza kutungwa na kamati mwaka 1959.

Jeshi lilimstaafisha mwaka 1966, likamwita tena 1967, na hatimaye akastaafu 1986, akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha admirali. Alifariki tarehe 1 Januari 1992. Katika mihadhara yake aliwagawia wasikilizaji vipande vya waya vya sentimita 30 hivi, umbali ambao mwanga husafiri katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa sehemu moja ya milioni alionyesha bunda la waya wa mita 300 hivi. Baadaye, kompyuta zilipozidi kuwa na kasi na waya usiweze tena kukatwa vya kutosha, aligawa chembe za pilipili manga.