Dkt. Wu Lien-teh na Tauni ya Harbin

Wengi wetu tulijua barakoa wakati wa korona tu. Hebu twende Harbin, kaskazini mashariki mwa China, Desemba 1910, umwone mtumishi wa serikali aliyeipigania mapema.

Wu Lien-teh alizaliwa Penang, Malaya, mwaka 1879, mtoto wa sonara. Alipata ufadhili akasoma udaktari Cambridge, Uingereza, kisha serikali ya China ikamwita Tianjin kufundisha madaktari wa jeshi. Kichina chenyewe alikijua kwa shida. Alipotumwa Harbin alikuwa na miaka 31 tu. Kule watu walikuwa wakikohoa damu na kufa ndani ya siku chache, na karibu kila aliyeugua hakupona.

Alipasua maiti ya mwanamke mmoja kimyakimya, maana desturi haikuruhusu, akaona vijidudu vya tauni. Wataalamu walisema tauni huletwa na panya na viroboto. Wu akasema hapana, hii inapita kwa pumzi. Akaagiza barakoa za shashi na pamba, akatenga wagonjwa, na mabehewa ya treni yakageuzwa kuwa karantini. Daktari Mfaransa mwenye uzoefu mkubwa, Gérald Mesny, alimdharau akaingia wodini bila barakoa. Siku chache baadaye akafa. Tangu hapo wengi wakaacha kubisha.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa makaburini. Ardhi iliganda kama jiwe, na maiti zaidi ya 2,000 zikalala juu bila kuzikwa. Dawa ilikuwa kuzichoma moto, na kwa Wachina wa wakati ule kumchoma marehemu kulikuwa ni kuwavunjia heshima wazazi na mababu. Fikiria, ndugu yangu, kama ingekuwa ni baba yako! Wu hakuchoma kwa kujificha. Aliomba kibali cha mfalme kule Beijing, akasubiri. Kibali kikaja, na mwisho wa Januari 1911 moto ukawashwa. Vifo vikaanza kushuka, na kufikia Machi 1 Harbin haikuwa na mgonjwa mpya. Kwa jumla watu wapatao 60,000 walikuwa wamekufa.

Aprili hiyohiyo mataifa 11 yalikutana Mukden, naye akawa mwenyekiti. Hakurudi kupumzika. Alijenga idara ya kuzuia tauni kaskazini, na mwaka 1930 akawa mkuu wa kwanza wa huduma ya karantini ya taifa, iliyokagua meli bandarini. Mwaka 1937 alirudi Malaya kutibu watu wa kawaida, akafariki 1960.

Kwa hiyo, msomaji, utakapopanga foleni mpakani kuja kwenye kongamano letu, ukaulizwa kadi ya homa ya manjano, usinung'unike. Aliye upande wa pili wa mpaka ni jirani yako, na afisa yule anamlinda yeye na wewe pia.