Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Kumfahamisha Mtoto Maana

Sifa njema ni zake Mwenyezi Mungu aliyempa mwanadamu akili ya kupambanua, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wa darasa walitutaka tuandike kidogo juu ya maisha ya marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, nasi tumeitika kwa furaha. Wengi wetu twalitaja jina lake kwa kujifakhiri, lakini kazi yake hatuiendelezi. Na jambo tulilolikuta tulipozuru ndugu zetu wa pande za Homa Bay na Migori limetuonyesha kuwa haja ya kazi ile haijesha, nasi tutalieleza mahali pake.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika nyumba ya ilimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa wa mji, naye alifariki mwaka 1894, mwanawe akiwa bado mchanga. Mtoto akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, aliyekuwa kadhi. Kisha akavuka kwenda Unguja kuchota katika bahari ya Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Basi ilimu yake ilitoka kwa masheikh, uso kwa uso, kama ilivyotoka ilimu ya wote waliomtangulia. Twalisema hili mapema ili asije mtu akadhani kuwa alitengeneza jambo asilolijua, au kuwa alidharau kuhifadhi kwa sababu yeye hakuhifadhi.

Pamoja na hayo, alikuwa akilisoma jarida la Al-Manar, lililokuwa likitolewa Misri na Sayyid Rashid Ridha, na fikra za Sheikh Muhammad Abduh zikamuingia moyoni. Akatazama hali ya Waislamu wa pwani akaona jambo la kuhuzunisha. Mtoto huingia chuoni, akasoma herufi, akahitimu Kur'ani, pengine akahifadhi na matini ya fikihi. Lakini ukimuuliza maana ya alichokisoma, hana jawabu. Ulimi umejaa na moyo ni mtupu. Mtoto huyo akikua, dini kwake huwa ni sauti aliyoizoea, na akijiwa na mtu mwenye hoja dhidi yake hana la kujibu.

Dawa aliyoiona ni kuwasemesha watu kwa lugha waliyoinyonya kwa mama zao. Mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi ndogo aliyoiita Sahifa, kwa Kiswahili, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliandika juu ya mambo ambayo kila msomaji aliyaona mlangoni pake: israfu za maharusi na matanga, uvivu wa kufanya biashara, wasichana kuachwa bila ya kusomeshwa, na kuwaiga wageni katika yasiyo na faida. Baadhi ya makala hizo zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi, kilichopigwa chapa Mombasa mwaka 1944. Aliandika pia vitabu vidogo vya dini kwa ajili ya wanafunzi, na akaanza kuifasiri Kur'ani kwa Kiswahili. Maana tafsiri kamili ya kwanza ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1923, ilikuwa ni kazi ya padri, na hilo ni funzo la kutosha kwa mwenye kuona haya.

Walikuwako waliochukia kuona dini ikiandikwa kwa Kiswahili, wakidhani ni kuishusha daraja yake. Lakini ukitazama vizuri, Sheikh hakuleta uzushi. Imamu Ghazali amekwisha kueleza kuwa mtoto huanza kwa kuhifadhi itikadi yake, kisha maana humfunukia kidogo kidogo kadiri akili yake inavyokua. Kuhifadhi ni kama kutia mbegu, na mbegu iliyoachwa bila ya maji haioti. Na Ibn Khaldun, katika Mukaddima yake, ameshauri mwanafunzi apewe kwanza mambo makubwa ya fani kwa ufupi, kisha arejeshwe mara ya pili kwa upana zaidi, kisha mara ya tatu asiachiwe tatizo ila limefunguliwa. Mwenye kumtwika anayeanza matatizo ya mwisho humchosha akili, naye akaikimbia ilimu akidhani ni ngumu, kumbe ugumu umetoka kwa mwalimu.

Sasa tuje kwa tuliyoyaona. Pande za Homa Bay na Migori si ngeni kwa Uislamu. Kendu Bay, iliyo ukingoni mwa ziwa, ina Waislamu na msikiti wa tangu zamani. Watoto wa huko husema Kijaluo nyumbani, na pande za Kehancha husema Kikuria. Chuoni hukutana na Kiarabu cha Kur'ani na Kiswahili cha mwalimu aliyetoka kwetu. Katika madrasa moja alisimamishwa kijana wa miaka kama 11 atusomee mlango wa zaka. Akasoma bila ya kusita, kuwa katika kila ng'ombe 30 hutolewa ndama aliyetimia mwaka, na katika kila 40 hutolewa aliyetimia miaka miwili. Tukafurahi. Nikamuuliza mwenye ng'ombe 35 atatoa nini. Akanyamaza, kwani hesabu hiyo haimo kitabuni.

Hapo msaidizi wa mwalimu, kijana wa huko huko, akaomba ruhusa. Akamsemesha mtoto kwa Kijaluo juu ya boma la babu yake, akamwekea vijiwe chini. Mara uso wa mtoto ukabadilika. Akasema kuwa wa 35 ni ndama yule yule mmoja wa mwaka, kwani hawajafika 40. Akaulizwa 60, akavigawa vijiwe mafungu mawili akasema ni ndama wawili wa mwaka. Kisha akaulizwa 70, hesabu ambayo hakufundishwa na mtu. Akatenga 30 upande mmoja na 40 upande wa pili, akasema ni mmoja wa mwaka na mmoja wa miaka miwili. Na hivyo ndivyo walivyosema mafakihi. Mtoto huyu mchunga ng'ombe hakuwa mjinga hata kidogo. Maana ilikuwamo ndani yake, ila hakuna aliyemfungulia mlango.

Mfano mwengine ni wa maji. Kitabu chetu chasema maji ya bahari ni twahara pamoja na chumvi yake, na mtoto wa Mombasa hufahamu, kwani ameyaonja. Lakini kwa Kijaluo ziwa na bahari huitwa kwa neno moja, nam, na nam aijuayo mtoto wa Kendu Bay ni tamu. Basi hajui hata shaka iliyokuwapo mpaka hukumu ikatajwa. Mwalimu mwenye busara huanza na ziwa analoogelea mtoto, kisha humwambia afikiri kama maji yote haya yangekuwa na chumvi tangu kuumbwa kwake. Kwa njia hiyo hufahamu kuwa geuko la maji lililo katika asili yake haliyatoi katika utwahara.

Ndugu zangu, yafaa tujihukumu wenyewe. Tuliporejea, mmoja wetu alinung'unika kuwa dini kufundishwa kwa Kijaluo ni kuivunjia heshima. Nikamkumbusha kuwa maneno hayo hayo waliambiwa babu zetu juu ya Kiswahili. Haifai tumsifu Sheikh Al-Amin kwa kutufungulia sisi mlango, kisha tuufunge nyuma yetu. Kur'ani husomwa kwa Kiarabu na sala ni kwa Kiarabu, na hilo halina mjadala. Lakini maana huingia moyoni kwa lugha ya moyo. Basi tukipeleka mwalimu bara, tumtake ajifunze lugha ya watoto au awe na msaidizi anayeijua, na tumtake awaulize wanafunzi masuala yasiyomo kitabuni.

Sheikh Al-Amin alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, wala cheo hakikumzuia kusomesha. Alifariki mwaka 1947. Aliacha wanafunzi, miongoni mwao Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyeitimiza tafsiri ya Kur'ani nzima kwa Kiswahili. Mwalimu hupimwa kwa jambo hili, kuwa wanafunzi wake waweze kufika mahali ambapo yeye hakufika, kama mtoto yule alivyofika 70.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu, na atujaalie kuyafuata mema yake kwa vitendo. Amin.