Ntsikana: Mwimbaji Aliyekuwa Kengele ya Kanisa Lake

Ntsikana, mwana wa Gabha, alizaliwa yapata mwaka 1780 katika nchi ya Waxhosa, eneo ambalo leo ni Rasi ya Mashariki nchini Afrika Kusini. Hakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo, mchunguzi wa chimbuko la ushairi wa Kikristo katika lugha za Kiafrika hawezi kumpita, kwani nyimbo nne zinazonasibishwa naye zilitungwa, zikaimbwa na kuhifadhiwa vinywani mwa kundi dogo la waumini kabla hazijaandikwa popote.

Ujanani alisifika kwa uimbaji na uchezaji wa ngoma. Mapokeo yanasimulia kwamba asubuhi moja, yapata mwaka 1815, alisimama penye zizi akaona mwale wa ajabu ukimwangaza Hulushe, maksai aliyempenda kuliko wote. Kijana aliyekuwapo hakuona kitu. Siku iyo hiyo alikwenda ngomani, na kila alipoinuka kucheza, upepo mkali ulivuma. Akaondoka na jamaa zake, na njiani akaingia mtoni kuosha udongo mwekundu aliojipaka. Yamkini mbegu ilipandwa zamani, wakati Johannes van der Kemp alipohubiri katika nchi ya Ngqika kati ya 1799 na 1801. Mapokeo lakini huupa mwale ule nafasi ya kwanza.

Tangu hapo watu walikusanyika kwake asubuhi na jioni. Kanisa hilo halikuwa na jengo wala kinanda wala kitabu. Kengele pia haikuwapo: Ntsikana alisimama akaimba, na wimbo huo wa mwito ndio uliowatoa watu nyumbani mwao. Ibadani alianzisha, wao wakapokea. Hapana shaka muundo huu wa kiongozi na waitikiaji haukuletwa na mmisionari yeyote; ulitoka katika ngoma zile zile alizoziacha. Aliiacha ngoma, akabaki na ufundi wake. Bila waitikiaji, wimbo wake ungekuwa nusu tu.

Wimbo wake mkuu umejengwa kwa namna ya sifa ambazo watambaji wa Kixhosa waliwatungia watawala, ila hapa anayesifiwa ni Mungu, aliye ngao na kichaka cha kujifichia, muumba wa nyota na wa kilimia. (Msomaji wa Kiswahili atafurahi kujua kwamba kundi hilo la nyota huitwa isilimela kwa Kixhosa: ni neno letu lile lile, lenye kulima ndani yake.)

Kuimba huko hakukuwa burudani. Nchi ilikuwa vitani. Nabii mwingine, Nxele, aliambatana na Ndlambe, mpinzani wa Ngqika, na mwaka 1819 aliongoza mashambulizi dhidi ya Grahamstown, akashindwa na kufungwa katika kisiwa cha Robben. Ntsikana alikuwa upande wa Ngqika, akimshauri asiende vitani, lakini mwaka 1818 majeshi ya Ngqika yalishindwa vibaya huko Amalinde. Mwaka huo huo alifariki Joseph Williams, mmisionari aliyefungua kituo kando ya Mto Kat mwaka 1816, ambaye Ntsikana alihudhuria ibada zake. Kusanyiko la Ntsikana halikusambaratika, kwa kuwa halikumtegemea Williams kwa wimbo wala kwa sala.

Mwaka 1821 Ntsikana alifariki, akiwa amewausia wafuasi wake waende kituo cha John Brownlee huko Tyhume. Walikwenda, miongoni mwao Soga, ambaye mwanawe Tiyo aliwekwa wakfu kuwa mchungaji huko Glasgow mwaka 1856 na kutunga nyimbo za Kixhosa yeye mwenyewe. Walihamia na nyimbo zao. John Knox Bokwe, aliyezaliwa mwaka 1855, alizipata zikiwa bado zinaimbwa, akaziandika kwa nota za solfa, na mwaka 1914 akachapisha kitabu juu ya maisha ya Ntsikana.