AL-JAZARI: MUISLAMU ALIYETENGENEZA MASHINE ZA KUJIENDESHA



Ndugu wanafunzi na wazazi wapendwa, wengi wetu tukisikia neno roboti huwaza Japani au Marekani. Tunadhani ni mambo ya wengine na sisi kazi yetu ni kutazama. Hebu tumsome Muislamu mmoja wa zaidi ya miaka 800 iliyopita, ili atakayefungua sanduku la vifaa vya roboti darasani ajue kuwa anaendeleza kazi ya wazee wake.

Jina lake ni Badiuzzaman Abul-Izz Ismail ibn ar-Razzaz al-Jazari. Aliishi karne ya 12, na jina la al-Jazari linatokana na Jazira, nchi iliyo kati ya mito ya Tigris na Furati. Mwaka 570 Hijria (1174 Miladia) alianza kuwatumikia watawala wa ukoo wa Artuq katika eneo la Diyarbakir, ambalo leo lipo Uturuki.

Al-Jazari alisoma kwanza kazi za waliomtangulia, wakiwemo ndugu watatu wa Baghdad walioitwa Banu Musa. Aliwaheshimu, lakini hakuishia kusoma. Msimamo wake ulikuwa kwamba ufundi usiojaribiwa kwa vitendo haujulikani bado kama ni sahihi au ni kosa. Kwa hiyo kila alichokiandika alikijaribu kwa mikono yake.

Mfalme wake hakupenda kumiminiwa maji ya udhu na mtumishi, basi al-Jazari akamtengenezea chombo cha kumimina chenyewe. Kifaa chake kingine cha kunawia kilikuwa na umbo la tausi. Maji yaliyotumika yaliingia ndani na kuinua boya. Boya likipanda, sanamu ya mtumishi ilitokea na sabuni. Maji yakizidi, boya la pili lilileta sanamu nyingine yenye taulo. Boya lile lilifanya kazi inayofanywa leo na kihisi cha roboti: kutambua kilichotokea ili mashine ijue ifanye nini.

Alitengeneza pia mashua yenye sanamu nne za wapiga muziki. Maji yalizungusha mhimili wenye vijiti, na vijiti viligonga nyenzo zilizotikisa mikono ya wapiga ngoma. Vijiti vikipangwa upya, mdundo hubadilika. Noel Sharkey, profesa wa Uingereza, alieleza kuwa huo ni mfano wa kale wa mashine inayopangiwa kazi. Na programu ya kompyuta ndiyo hiyo: maagizo yaliyopangwa kwa zamu.

Tusidhani alishughulika na mapambo ya wafalme tu. Alieleza mashine 5 za kuinua maji. Mojawapo ilikuwa pampu ya mitungi miwili iliyogeuza mwendo wa kuzunguka kuwa wa kwenda na kurudi. Sisi wa Mwamkulu tunaolima mpunga tunajua thamani ya kazi hiyo.

Baada ya utumishi wa miaka 25, mtawala Nasiruddin Mahmud alimtaka aandike elimu yake isipotee. Kitabu kilikamilika mwaka 602 Hijria (1206 Miladia), kikiwa na vifaa 50 pamoja na michoro na vipimo. Vitabu vingi vinataja kuwa alifariki mwaka huo huo. Sanamu zake hazikubaki, lakini kwa sababu aliandika, mafundi wa zama zetu wameweza kuziunda upya.

Ndugu mwanafunzi, ukikabidhiwa sanduku la roboti anza kama yeye. Soma maelekezo na uhesabu vipande. Unda kitu kidogo, mfano gari la magurudumu mawili. Lipe agizo moja tu: liende mbele kisha lisimame. Likitii, ongeza la pili. Likikataa, usilitupe wala usimcheke mwenzako. Rudi nyuma agizo moja moja mpaka uone kosa. Kisha andika ulichofanya kwenye daftari, ili mdogo wako aanzie ulipoishia.

Na kama sanduku halijafika, boya la kopo na ndoo ya maji vipo nyumbani. Al-Jazari alianza na maji, mbao na shaba.

Allah amrehemu al-Jazari, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.