Joy Adamson

Joy Adamson (jina la kuzaliwa: Friederike Victoria Gessner, 20 Januari 1910 – 3 Januari 1980) alikuwa mchoraji, mwandishi na mhifadhi wa wanyamapori aliyeishi nchini Kenya. Anajulikana hasa kwa kumlea simba jike aliyeitwa Elsa na kumrudisha porini. Baadaye alifanya kazi kama hiyo kwa duma na chui.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika mji wa Troppau, uliokuwa sehemu ya Milki ya Austria-Hungaria. Leo mji huo unaitwa Opava na uko nchini Ucheki. Alifika Kenya mwaka 1937, na mwaka uliofuata aliolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, ambaye ndiye aliyempa jina la Joy. Alichora maua ya porini, kisha mamia ya picha za watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya asili. Nyingi kati ya hizo zinatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, bwana nyama wa kaskazini mwa Kenya aliyekuwa na kituo Isiolo.

Elsa na watoto wake

Tarehe 1 Februari 1956 George alimuua kwa risasi simba jike aliyemrukia. Baadaye iligunduliwa kwamba simba huyo alikuwa akilinda watoto wake watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Elsa, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alibaki na akina Adamson.

Simba aliyelelewa na watu hajafundishwa na mamaye kuwinda wala kujihami. Jaribio la kwanza la kumwachia, huko Maasai Mara, lilishindikana kwa sababu Elsa aliugua. Alihamishiwa Meru, ambako alijifunza kuwinda, akapata dume wa porini, na Desemba 1959 akazaa watoto watatu. Alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe.

Watoto wake hawakuwa wameweza kuwinda vizuri, wakaanza kukamata mifugo ya wenyeji. Kwa mfugaji, mbuzi ni chakula, karo na mahari, na mmoja wa simba hao alijeruhiwa kwa mshale. Ikabidi waondolewe. Mwaka huohuo akina Adamson waliwanasa na kuwasafirisha hadi Serengeti, Tanganyika, ambako hatimaye walipotea machoni mwao.

Vitabu na utafiti

Kitabu chake Born Free (1960) kilitafsiriwa katika lugha nyingi, na filamu yake ilitoka mwaka 1966. Mapato yaliingizwa katika mfuko wa uhifadhi uliopewa jina la Elsa, ambao ulisaidia kuiendeleza hifadhi ya Meru.

Katika miaka ya 1960 alimfuatilia duma jike aliyeitwa Pippa huko Meru, akiandika habari za mawindo yake, maeneo aliyozunguka na malezi ya watoto wake, hadi Pippa alipokufa mwaka 1969. Katika miaka ya 1970 alimlea chui aliyeitwa Penny na kumwachia katika hifadhi ya Shaba.

Kazi hiyo ilipingwa pia. Baadhi ya wahifadhi waliona kwamba mnyama aliyezoea binadamu ni hatari kwa watu, na kwamba kumwachia mmoja hakuokoi jamii nzima ya wanyama ikiwa mazingira yao yanaendelea kupungua.

Kifo na urithi

Joy aliuawa Shaba tarehe 3 Januari 1980. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba aliuawa na simba, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba majeraha yalitokana na silaha. Mtu aliyewahi kumfanyia kazi alihukumiwa kwa mauaji hayo. Majivu yake yalipelekwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. George naye aliuawa na majangili huko Kora mwaka 1989.

Nyumba yake ya Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha, sasa ni makumbusho na kituo cha elimu ya mazingira kinachopokea wanafunzi na vikundi vya wananchi. Huko elimu inawalenga wale wanaoishi jirani na wanyama. Bila ridhaa yao, simba aliyeachiwa huru hana mahali pa kukaa, kama ilivyotokea kwa watoto wa Elsa.