Imamu Ghazali na Hesabu ya Nafsi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, tunapowataja wakubwa waliotutangulia hatukusudii kuwasifu tu, kwani wao hawana haja na sifa zetu. Makusudio yetu ni kutazama walivyoishi, tukajipima nao. Leo tumemchagua Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa kuwa alipata katika dunia kila kitu ambacho watu wa zama zetu wanakikimbilia, kisha akajiuliza kina faida gani.

KUZALIWA KWAKE NA MALEZI YAKE

Imamu Ghazali alizaliwa katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, mwaka 450 wa Hijra (1058). Magofu ya mji huo leo yako karibu na Mashhad, katika nchi ya Iran. Inasimuliwa kuwa baba yake alikuwa masikini, akila kwa kazi ya mkono wake ya kusokota sufi, na kwamba alipenda mno kukaa katika vikao vya wanavyuoni, naye mwenyewe hakusoma. Ilipomkaribia mauti aliwausia watoto wake wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mchaji Mungu, akamwachia na kiasi kidogo cha mali ili awasomeshe. Mali ile ilipokwisha, na mlezi hana kitu, aliwaelekeza waende madrasa ambako wanafunzi walikuwa wakipewa chakula. Basi njaa ndiyo iliyowaingiza katika elimu. Imamu alikuwa akilikumbuka jambo hili ukubwani, akikiri kwamba elimu waliitafuta kwa jambo jingine, nayo ikakataa isipokuwa iwe ya Mwenyezi Mungu.

MASOMO YAKE

Alisoma kwanza Tus, kisha akasafiri mpaka Jurjan. Wanahistoria wanasimulia kuwa alipokuwa akirejea, wanyang'anyi waliuvamia msafara, wakachukua kila alichokuwa nacho, na ndani yake yale aliyoyaandika kwa walimu wake. Akamfuata mkubwa wao akimwomba amrudishie karatasi zake tu, kwa kuwa ndizo elimu yake. Yule mwizi akamcheka, akastaajabu na elimu gani hiyo ambayo mtu akiibiwa mfuko hubaki mjinga. Alirudishiwa karatasi zake, lakini maneno yale yalimkaa moyoni, akashinda miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika.

Kisha alikwenda Nishapur, akasoma kwa Imamu wa Haramain, Al-Juwayni, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi katika zama zile. Alikaa naye mpaka mwalimu huyo alipofariki mwaka 478 (1085). Hapo Ghazali hakuwa tena mwanafunzi, kwani sifa zake zilikwisha enea. Waziri Nidhamul Mulk, aliyekuwa akiendesha dola ya Waseljuki, alimkaribisha barazani kwake, akamwona namna anavyowashinda wanavyuoni katika mijadala. Mwaka 484 (1091) akampeleka Baghdad kuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamiya. Umri wake ulikuwa kiasi cha miaka 33 tu.

UTUKUFU WAKE BAGHDAD

Baghdad katika siku zile ulikuwa mji wa Khalifa, na cheo cha Nidhamiya kilikuwa cha mwisho ambacho mwanachuoni aliweza kukitamani. Wanafunzi waliokaa mbele yake walikuwa 300. Mawaziri walimsikiliza, na fatwa zake zilifuatwa. Juu ya kazi hiyo alisoma falsafa peke yake, katika wakati aliouiba baina ya darsa na uandishi, akaandika kitabu cha kueleza makusudio ya wanafalsafa, kisha kingine, Tahafut Al-Falasifa, cha kuonyesha yalivyopomoka madai yao.

Lakini mwaka 485 (1092) Nidhamul Mulk aliuawa, na Sultani Malik Shah akafa baada yake kwa muda mfupi. Jamaa wa Sultani wakaingia kupigania ufalme. Mtu mwenye akili aliyeyaona hayo kwa macho yake hakosi kufikiri juu ya ukubwa wa dunia na namna unavyoondoka.

MWAKA ALIOZIBWA ULIMI

Katika mwezi wa Rajab mwaka 488 (1095) Imamu alianza kuitazama nafsi yake. Aliyatazama masomo anayoyasomesha, akaona mengi hayana faida katika safari ya akhera. Kisha akaitazama nia yake ya kusomesha, akaona kuwa haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali msukumo wake ulikuwa kutafuta cheo na kuenea sifa. Akawa siku moja anaazimia kuondoka Baghdad, na siku ya pili azma ile inavunjika. Miezi sita alikaa katika mvutano huo, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma.

Hatimaye ulimi wake ulizibwa. Alikuwa akijikaza asomeshe walau siku moja kwa ajili ya wanafunzi wake, na neno halitoki. Huzuni ikamshuka moyoni, chakula na kinywaji havikumpita, mwili ukadhoofu, na matabibu wakakata tamaa. Walisema ugonjwa huu asili yake ni moyo, wala haupoi mpaka moyo upumzike na lililousibu.

Hapo alimwelekea Mwenyezi Mungu kwa unyonge wa asiye na hila, akasahilishiwa kuacha cheo na mali na watu. Aliigawa mali yake, akabakisha kadiri ya kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Twataka msomaji asimame hapa, kwani wengi hulipita jambo hili. Imamu hakuwatupa wanawe wakaombe. Aliwawekea haki yao, na ziada ndiyo aliyoitoa. Na mahali pake pa kusomesha palishikwa na ndugu yake Ahmad, basi na darsa pia haikutupwa. Alitangaza kwamba anakwenda Makka, ilhali moyoni amekusudia Sham, akichelea Khalifa na marafiki wasije wakamzuia. Watu wa Iraq walihangaika kutafuta sababu, hata wengine wakadhani kuna jambo baina yake na wakubwa wa dola. Haikuwapitia kwamba mtu anaweza kuacha cheo kama kile kwa ajili ya dini yake.

MIAKA YA KUJITENGA

Alikaa Sham karibu na miaka miwili. Katika mji wa Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti mkuu wa Bani Umayya, akajifungia humo mchana kutwa. Kisha alikwenda Baitul Maqdis, akawa akiingia Kubba ya Mwamba na kujifungia mlango. Akazuru Al-Khalil, na hapo mwaka 489 (1096) akajiwekea ahadi tatu: kutokwenda kwa sultani yeyote, kutopokea mali ya sultani, na kutoingia katika mijadala ya ushindani. Ukizitazama ahadi hizo utaona kuwa kila moja imekata mzizi wa jambo lililomtukuza Baghdad.

Mwaka huo huo alihiji. Baadaye mapenzi ya nyumbani na wito wa watoto wake vilimvuta, akarejea kwao, na mwaka 490 (1097) alionekana Baghdad akiwa njiani. Alifika Tus, akaendelea na maisha ya kujitenga kadiri alivyoweza. Mwenyewe alikiri kwamba mambo ya dunia na haja za watoto na kutafuta maisha vilikuwa vikimkatiza, naye kila vikimtoa hurudi.

Katika miaka hiyo aliandika kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din. Kina vitabu 40 vilivyogawanywa katika robo nne: ibada, mambo ya desturi, yenye kuangamiza, na yenye kuokoa. Masharifu wa Hadhramaut walikithamini mno kitabu hiki, na heshima hiyo ikafika nao katika pwani yetu.

HESABU YA KILA SIKU

Katika robo ya mwisho ya Ihya mna kitabu cha kuichunga nafsi na kuihesabu, na humo Imamu ameitumia lugha ambayo sisi watu wa bandari na maduka tunaifahamu kuliko wengine. Ameifanya nafsi kuwa ni mshirika katika biashara. Mfanyabiashara hamwachii mshirika wake mali bila ya masharti. Humpa sharti asubuhi, humchunga mchana, na jioni hukaa naye daftarini.

Vivyo hivyo, baada ya sala ya alfajiri, mtu na aketi kitambo, moyo wake umefaragha, aiwekee nafsi yake masharti ya siku: jicho litazame nini, sikio lisikie nini, ulimi useme nini, na tumbo, tupu, mkono na mguu hali kadhalika. Mchana aichunge, asimame kidogo kabla ya kila jambo, ajiulize analifanya kwa ajili ya nani. Usiku aifungue daftari. Rasilimali ni faradhi, faida ni suna, hasara ni maasi, na msimu wa biashara hii ni mchana mzima. Akiikuta nafsi imepoteza, ailipize, ailaumu, aishurutishe tena.

Humo amemtaja mtu aliyefika miaka 60, akazihesabu siku zake akaziona ni 21,500, akaogopa akifikiri juu ya kukutana na Mola wake hata kama kila siku alitenda dhambi moja tu. Akaongeza Imamu kwamba lau mtu angelitupa kijiwe kimoja nyumbani kwa kila kosa, nyumba ingelijaa katika muda mchache. Lakini mtu huzembea kuyahifadhi makosa yake, nayo yamehifadhiwa.

MAANA YA KUISHI KWA KIASI

Ama zuhudi, Imamu amezitaja haja za lazima za mwanadamu kuwa sita: chakula, mavazi, makao, vyombo vya nyumbani, ndoa, na kadiri ya mali na cheo inayozisimamisha hizo tano. Katika kila moja amepima kiasi chake, kwani haja ina mpaka, bali tamaa haina mpaka. Kisha akatahadharisha kwamba si kila aliyeacha mali ni mwenye zuhudi. Kuacha mali ni jambo jepesi kwa mwenye kupenda kusifiwa kwa kuiacha, na mapenzi ya sifa ni magumu kutoka kuliko mapenzi ya dinari. Haya aliyasema mtu aliyeugua ugonjwa huo, si aliyeusikia.

KUREJEA KWAKE NA KUFA KWAKE

Mwaka 499 (1106) Waziri Fakhrul Mulk, mwana wa Nidhamul Mulk, alimshikilia arudi kusomesha katika Nidhamiya ya Nishapur. Imamu aliona fitina imeenea na kwamba kuendelea kujitenga kwa ajili ya raha yake si udhuru tena, akarejea. Alieleza kuwa japo kwa dhahiri amerudi kwenye kazi ile ile, hakurudi kwa nia ile ile. Kisha akaenda zake Tus, akajenga madrasa na nyumba ya wacha Mungu jirani na nyumba yake, akaugawa wakati wake baina ya Kurani, darsa na ibada. Mwishoni alishughulika kuisoma elimu ya hadithi. Alifariki tarehe 14 Jumada II mwaka 505 (18 Desemba 1111). Inasimuliwa na ndugu yake kuwa alitawadha alfajiri, akasali, akaitisha sanda yake, akaibusu, akanyoosha miguu kuelekea kibla, akafa kabla ya jua kutoka. Aliacha watoto wa kike tu.

Wala hatusemi kuwa Imamu hakukosea. Wanavyuoni wamemlaumu kwa hadithi dhaifu zilizomo katika Ihya, na Al-Hafidh Al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 (1404), alizichambua moja moja. Huko Qurtuba, Andalus, kitabu hicho kilichomwa moto mwaka 503 (1109), mwenyewe yungali hai. Haki ni kulishika lililo sahihi na kuliacha lililo dhaifu, wala si kuchoma wala si kufuata kwa macho yaliyofumbwa.

LINALOTUHUSU SISI

Ndugu zetu, tutazame miji yetu. Mtu huamka, na kabla ya kumtaja Mola wake mkono umekwisha ifuata simu. Hukopa fedha za kuozesha mwana, karamu ikaisha kwa usiku mmoja, na deni likakaa miaka. Mtu hufiwa, na badala ya jirani kumpikia, yeye huchinja akawalisha watu ili isisemwe kuwa maiti wao hakufanyiwa kitu. Sadaka nayo haitoki mpaka ipigwe picha. Katika yote haya tukijiuliza swali la Imamu, kwamba ni kwa ajili ya nani, jawabu litatutia haya, kwa sababu ni kwa ajili ya macho ya watu.

Hatuambiwi tufunge maduka tukapande minara. Imamu mwenyewe aliteremka katika mnara, akarudi kwa watoto na wanafunzi wake. Tunaloambiwa ni jepesi kulisema: kitambo kidogo baada ya alfajiri kwa masharti, kitambo kingine kabla ya kulala kwa hesabu, na baina yake kutambua lipi ni haja na lipi ni macho ya watu. Hakuna mwenye duka miongoni mwetu anayelala mwaka mzima asijue amepata au amepoteza. Basi inakuwaje mtu akakaa miaka 60 bila ya kuifungua daftari ya umri wake, ilhali duka hufungwa likafunguliwa tena, na umri ukifungwa haufunguliwi?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali na wanavyuoni wetu wote, na atujaalie tuzihesabu nafsi zetu kabla ya kuhesabiwa. Amin.