Jagadish Chandra Bose na Kengele Isiyo na Waya

Jagadish Chandra Bose alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 huko Mymensingh, Bengal, mahali ambapo leo ni Bangladesh. Baba yake, ijapokuwa alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alimpeleka kwanza katika shule ya Kibengali, akasoma pamoja na watoto wa wavuvi na wakulima. Baadaye alisoma Calcutta, Cambridge na London.

Mwaka 1885 aliajiriwa kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency, Calcutta. Kwa kuwa alikuwa Mhindi, alipangiwa mshahara mdogo kuliko wa Wazungu wenzake. Hakuacha kufundisha, ila alikataa kuupokea. Kwa miaka 3 aliingia darasani bila kugusa hata rupia moja, na huku nyumbani madeni ya baba yake yakingoja. Mwishowe wakubwa walisalimu amri, akalipwa mshahara kamili pamoja na malimbikizo yake yote.

Maabara ya maana hakuwa nayo. Vyombo alivibuni mwenyewe katika chumba kidogo, akisaidiwa na fundi bati. Mwaka 1895, katika ukumbi wa mji wa Calcutta, mbele ya mtawala wa Bengal, alirusha mawimbi ya umeme yasiyoonekana kwa macho. Yalipenya kuta na mwili wa mtu, yakagonga kengele na kulipua baruti iliyowekwa mbali, pasipo waya wowote.

Ni haki kusema kwamba sauti ya binadamu ilirushwa kwanza na Reginald Fessenden, huko Marekani, Desemba 1900, na kwamba aliyevusha ishara juu ya bahari ya Atlantiki mwaka 1901 ni Guglielmo Marconi. Lakini Bose ndiye aliyeonyesha kuwa jiwe la galena, madini yenye risasi, laweza kuyanasa mawimbi hayo. Na redio nyingi za mwanzo zilitumia jiwe la namna hiyo. Hakupenda kuuza elimu. Rafiki zake walimsihi sana ndipo akakubali kuomba hataza, akaipata Marekani mwaka 1904, kisha akaiacha ikaisha muda wake.

Miaka yake ya baadaye aliitumia kuchunguza uhai wa mimea, katika taasisi aliyoianzisha Calcutta mwaka 1917. Alifariki Giridih tarehe 23 Novemba 1937. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, mwaka ule ule Mary Leakey alipokuwa hapa kwetu Kolo akinakili michoro ya miambani.